Lakabu za vita: majina ya mashujaa yalitoka wapi?

Lakabu ni jina ambalo mtu hakupewa na wazazi wake, bali alibandikwa au alijitwalia ukubwani kwa jambo alilolitenda. Majina kadhaa ya mashujaa tunayoyasoma katika historia yetu ni ya aina hii, na ukiyachukulia kama majina ya kuzaliwa utapoteza nusu ya habari.

Mtazame Mirambo. Kwao Unyamwezi aliitwa Mtyela Kasanda. Jina la Mirambo, ambalo kwa Kinyamwezi huelezwa kuwa ni maiti, alikuja nalo vitani, alipokuwa akizitia nchi za jirani mkononi mwake kwa msaada wa rugaruga, yaani wapiganaji wake wa kukodiwa. Lilikuwa silaha. Mtu hajiiti maiti ili apendwe. Anataka adui atetemeke kabla hata mkuki haujarushwa. Alifariki mwaka 1884, lakini jina halikuzikwa naye: makao yake yakaitwa Urambo, na leo Urambo ni wilaya mkoani Tabora.

Kwa Wahehe, jina la mtawala wao Mkwawa ni ufupisho wa Mkwavinyika, yaani mtwaa nchi nyingi. Hili limekwenda njia nyingine, likawa la ukoo. Mjukuu wake, Adam Sapi Mkwawa, alilibeba hadi kwenye kiti cha Spika wa Bunge la Tanzania.

Wageni nao hawakusalimika. Emil von Zelewski, kamanda wa Wajerumani, wenyeji walimwita Nyundo, kwa jinsi alivyowapiga watu wa pwani. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, askari wa Mkwawa walikivamia kikosi chake kikiwa njiani, na Nyundo akauawa hapo hapo. Carl Peters, mkoloni mwingine wa Kijerumani, aliitwa Mkono wa Damu, na sidhani kama hilo linahitaji ufafanuzi.

Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, ndiye mwenye ubishi. Wako wanaosema aliitwa hivyo kwa kupepesa macho. Mwenyewe alieleza kuwa ni mlio wa bunduki zake, tip tip, masikioni mwa waliokuwa wakizikimbia. Mimi naegemea maelezo yake, ingawa alikuwa na kila sababu ya kuchagua lenye kutisha. Hata hivyo, habari za maisha yake alizoziandika kwa Kiswahili zinabeba jina alilopewa na wazazi: Hamed bin Muhammed el Murjebi.