Breki zilizokata Kitonga, kisha zikarudi zenyewe

Mteja mmoja alinijia gereji na Noah yake, uso umekunjamana. Alikuwa anatoka Iringa kwenda Dar, gari limejaa watu na mizigo, na katikati ya mteremko wa Kitonga pedeli ya breki ikazama mpaka chini. Alinusurika kwa breki ya mkono na kwa kulikwangua gari ubavuni mwa mlima. Walipokaa kando kama nusu saa, breki zikarudi kama hakuna kilichotokea. Mafundi wawili kabla yangu walikagua pedi, diski na mipira, wakasema gari zima. Mmoja akamdokezea kuwa huenda alisinzia.

Hakusinzia. Nilifungua kikopo cha mafuta ya breki nikakuta kitu cheusi kama kahawa, nikachovya kipimo, taa nyekundu ikawaka: maji.

Tunayaita mafuta, lakini hayana undugu na oili ya injini (ukiongeza oili humo, mipira yote inavimba na umekwisha). Tabia yake ni kunyonya unyevu wa hewani, kidogo kidogo, hata kama gari limelala tu uani. DOT 4, aina mojawapo ya mafuta ya breki, ikiwa mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 230. Ikishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho kinashuka hadi 155. DOT 3 huanza na 205, ikaishia 140. Sasa teremka Kitonga mguu ukiwa juu ya breki muda wote: diski zinawaka moto, joto linapenya kwenye pistoni, mafuta yanachemka na kutoa mvuke. Mafuta hayabonyei, mvuke unabonyea. Unakanyaga, unabana mvuke, pedi hazipati nguvu. Gari likipoa, mvuke unarudi kuwa maji na pedeli inakuwa ngumu tena. Ndiyo maana ushahidi unakuwa umepotea gari linapofika kwa fundi.

“Lakini hii ina ABS, fundi,” aliniambia. Hili nalisikia kila wiki. ABS ya kielektroniki ya Bosch ilianza kuuzwa kwenye Mercedes-Benz mwaka 1978, na ni kitu kizuri sana: sensa zikiona tairi linataka kuganda, mfumo unalegeza na kubana tena mara nyingi kwa sekunde, ili uweze kukata usukani barabara ikiwa na maji. Ila inalegeza na kubana mafuta yaleyale. Yakichemka, haina cha kushika. Tena yale maji huleta kutu ndani ya pampu yake, na bei ya pampu hiyo itakufanya ukae chini kwanza.

Kwake hata hiyo ABS ilikuwa imelala. Taa yake ya onyo haikuwaka kabisa hata nilipowasha swichi, maana mtu aliing'oa balbu kwenye dashibodi. Chanzo kilikuwa waya wa sensa uliokatika kwenye gurudumu la nyuma. Kazi ya dakika chache! Afadhali uniletee gari taa inawaka.

Kingine: mafuta yakipungua kwenye kikopo, usikimbilie kuongeza. Pedi zinapolika, pistoni husogea mbele na mafuta huzifuata, kwa hiyo kina hushuka. Au yanavuja. Kagua pedi na mabomba kwanza.

Kwa magari mengi madogo mimi hubadilisha mafuta yote ya breki kila baada ya miaka miwili, tunatoa na upepo. Na mteremkoni tumia gia nzito, ileile ambayo ungepandia. Kwenye otomatiki vuta 2 au L kabla hujaanza kushuka.

Siku ya kubadilisha, fundi afungue chupa mpya mbele ya macho yako. Ile iliyobaki nusu juu ya rafu, kizibo kimelegea tangu mwaka jana, nayo imekuwa ikinyonya unyevu muda wote huo.