Je, wajua kwa nini kijiji kimoja cha Kanada kilikataa televisheni mara mbili?

Mwaka 1975 wakazi wa Igloolik, kijiji cha Wainuit, wenyeji asilia wa nchi za barafu, kilichoko kisiwani kaskazini kabisa mwa Kanada, waliulizwa kama wanataka kuletewa televisheni. Setilaiti ilikuwa tayari angani, na shirika la utangazaji la taifa lilikuwa tayari kufunga mitambo. Watu wakapiga kura, wakakataa. Mwaka 1979 wakaulizwa tena. Wakakataa tena.

Msije mkadhani ni ushamba. Vipindi ambavyo vingewafikia vilitengenezwa mbali sana na kwao, kwa lugha isiyo yao, na ndani yake hakukuwa na Inuktitut, lugha ya nyumbani. Walijiuliza swali la kiutu uzima: mtoto akikaa mbele ya hicho kioo kila jioni, miaka kumi ijayo ataongea na bibi yake kwa lugha gani?

Walikubali mwaka 1983. Kilichobadilika hapo katikati ni kwamba Januari 1982 shirika la utangazaji la Wainuit wenyewe lilianza kurusha vipindi kwa Inuktitut. Na mwaka huohuo wa 1983 serikali ya Kanada ilianzisha mpango wa kugharimia utangazaji wa wenyeji asilia wa kaskazini, dola za Kanada milioni 40.3 kwa miaka minne, zigawanywe kwa vyama 13 vya mawasiliano vya jamii hizo.

Sasa mtu anaweza kuuliza, na watu huuliza kweli: Kanada ina mifuko ya umma ya filamu na televisheni, na kila raia anaruhusiwa kuomba. Kwa nini watengewe fungu lao peke yao?

Jibu limo katika namna pesa ya televisheni inavyotembea. Watu wengi hudhani mtayarishaji anaandika wazo zuri, anapeleka maombi, anapewa hundi. Haiendi hivyo. Kwa kawaida inabidi kwanza upate kituo cha televisheni kitakachoahidi kwa maandishi kukirusha kipindi chako na kukilipia sehemu ya gharama. Ahadi hiyo ndiyo inayofungua mlango wa mfuko wa umma. Halafu kuna nafuu ya kodi, inayohesabiwa kutokana na mishahara uliyolipa, na hiyo huja baada ya kazi kwisha, wakati mwingine baada ya kwisha kitambo. Kwa hiyo katikati unakwenda benki kukopa, na benki inataka kuona kampuni yenye historia, mwanasheria, mhasibu na dhamana. Kila hatua inasimama juu ya ile iliyotangulia. Ukikosa kituo, umekosa vyote.

Mtayarishaji wa Toronto anaweza kukutana na mkuu wa vipindi kwenye mgahawa. Mwenzake wa Igloolik hana hata barabara ya kutoka kijijini, maana haipo: ni ndege, au meli ya mizigo inayofika kiangazi barafu ikiyeyuka. Na akimpata huyo mkuu wa vipindi, swali la kwanza litakuwa: nani atakitazama kipindi cha Inuktitut? Kipimo ni idadi ya watazamaji, na kwa kipimo hicho taifa dogo limeshindwa kabla kamera haijawashwa.

Kisa cha Zacharias Kunuk kinaonyesha jambo hili vizuri kuliko takwimu. Kunuk alikuwa mchonga vinyago wa Igloolik, akichonga mawe laini ya jamii ya yale ya Kisii. Mwaka 1981 alibeba vinyago vyake hadi Montreal, akaviuza, akanunua kamera ya video. Angalia tarehe: kamera iliingia Igloolik kabla ya televisheni. Baadaye alifanya kazi na lile shirika la Wainuit, na mwaka 1990 yeye na wenzake watatu, Paul Apak Angilirq, Pauloosie Qulitalik na Norman Cohn, wakaanzisha kampuni yao, Isuma, neno linalobeba maana ya kufikiri.

Walitaka kutengeneza filamu ndefu ya ngano ya kwao, ya mtu anayekimbia uchi juu ya barafu kuokoa roho yake. Apak aliwarekodi wazee wakisimulia, kisha muswada ukaandikwa kwa Inuktitut. Lakini wenye mifuko hawasomi Inuktitut, kwa hiyo ukatengenezwa mwingine wa Kiingereza ili maombi yasomeke. Waigizaji walishika ule wa kwanza, maofisa wakashika wa pili. Lugha za wenyeji zilikuwa na fungu lao kwenye fedha za televisheni, ila Isuma walilalamika hadharani kwamba ukomo wake ulikuwa chini mno kwa filamu ndefu. Ulifaa vipindi vidogo vidogo. Ilikuwa kama kumtengea mgeni kiti, ukamnyima sahani.

Hatimaye Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada iliingia kama mshirika, filamu ikakamilika kwa takribani dola milioni 2, na mwaka 2001 *Atanarjuat* ilitwaa Caméra d'Or kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, tuzo ya filamu bora ya kwanza ya mwongozaji. Apak hakuiona siku hiyo. Alifariki mwaka 1998.

Kilio cha kukosa kituo kilipata nacho jibu, na binafsi hiyo ndiyo sehemu ninayoiona ya kijanja zaidi. Tarehe 1 Septemba 1999 ilizinduliwa APTN, televisheni ya taifa ya wenyeji asilia. Msimamizi wa utangazaji aliziamuru kampuni za kebo na setilaiti ziibebe nchi nzima, na kila mteja akakatwa senti 15 kwa mwezi. Senti 15 mtu haoni hata zimekwenda wapi. Ila zikizidishwa kwa mamilioni ya nyumba, zinakuwa kituo kinachoweza kumwandikia mtayarishaji ile ahadi ya kwanza inayofungua milango mingine.

Kwa muda mrefu hata hivyo waliokaa mezani kuamua nani apewe hawakuwa wenyeji asilia. Hilo lilibadilika ilipoundwa Ofisi ya Filamu na Televisheni ya Wenyeji Asilia, iliyotangazwa mwaka 2017 na kuanza kazi mwaka 2018, ikiongozwa na wao wenyewe. Bajeti ya taifa ya 2021 iliitengea dola milioni 40.1 kwa miaka mitatu, na ile ya 2024 milioni 65 kwa miaka mitano pamoja na milioni 13 kila mwaka baada ya hapo. Hiyo milioni 13 ya kila mwaka ndiyo waliyoishangilia, kwa sababu pesa ya mradi wa miaka mitatu huisha wakati mtu ndiyo kwanza ameandika muswada wa pili.

Masharti yapo. Kampuni inayoomba inatakiwa kumilikiwa na wenyeji asilia kwa zaidi ya nusu, angalau asilimia 51. Lengo ni kuziba njia ya zamani: kampuni kubwa ya mjini inamweka mwenyeji mmoja kwenye karatasi kama mshauri, inachukua ruzuku, inaondoka na hadithi.

Lakini sharti la damu lina miiba yake. Mwishoni mwa 2020 asili ya mwongozaji mmoja mashuhuri ilihojiwa na waandishi wa habari, na mwezi uliofuata mfululizo wake wa televisheni ukasitishwa, pamoja na ajira za wenyeji waliokuwamo ndani yake. Tangu hapo swali la nani athibitishe uenyeji, na kwa ushahidi gani, limekuwa gumu kuliko la bajeti. New Zealand walipita njia nyingine: Te Māngai Pāho, chombo kilichoanzishwa mwaka 1993, kinaangalia zaidi lugha, yaani Kimaori, lugha ya wenyeji asilia wa huko, kiasi gani kimo kwenye kipindi na kinamsaidia nani kujifunza. Ni rahisi zaidi kupima, ingawa sijui ningemjibu nini msanii wa Kimaori aliyenyang'anywa lugha utotoni na sasa anataka kusimulia hilohilo.

Na Igloolik? Januari 2021 ilianza kurushwa Uvagut TV, chaneli inayotangaza kwa lugha ya Wainuit mchana na usiku. Jina lake maana yake ni "sisi". Wanaoiendesha wanatoka katika mtandao uleule wa Isuma, na makao yao ni kijiji kilekile kilichokataa televisheni mara mbili.