Majani ya springi hayaongezi uzito halali wa gari: dhana potofu za upakiaji Mtwara na Lindi

Msimu wa korosho unapokaribia, karakana nyingi za Masasi, Mtama na Nanyamba hupata kazi ya aina moja. Mwenye gari huleta Kenta yake, lori dogo la mizigo, na kutoa agizo fupi: "Fundi, niongezee majani mawili kila upande, mwaka huu nataka kupakia tani sita." Kazi hufanyika, vibapa hivyo vya chuma vya springi huongezwa, gari hunyanyuka nyuma, na mwenye gari huondoka akiamini kwamba amenunua uwezo mpya wa kubeba. Imani hiyo ndiyo mzizi wa dhana nyingine nyingi kuhusu uzito wa magari, na kwa kuwa inahusu maisha ya madereva, mautingo na watu wanaopita barabarani, inastahili kujibiwa kwa kina.

Dhana: Springi zikiongezwa, uzito unaoruhusiwa nao unaongezeka

Springi ipo kati ya fremu na ekseli, yaani mhimili unaoshika magurudumu. Kazi yake ni kubeba fremu na kupunguza mishtuko ya barabara, na haiwezi kukiongezea nguvu kitu chochote kilicho chini yake au juu yake. Ukiongeza majani, mzigo uleule unaendelea kushuka hadi kwenye nyumba ya ekseli, beringi, rimu na tairi, ambazo zote zimebaki zilivyotoka kiwandani. Breki nazo ni zilezile. Uzito wa juu uliowekwa na mtengenezaji hutokana na kiungo kilicho dhaifu kuliko vingine vyote, na mara chache kiungo hicho huwa ni springi.

Tuchukue tairi, kwa kuwa taarifa zake ziko wazi kwa kila mtu. Ubavuni mwa tairi nyingi za 7.50R16 zinazofungwa kwenye magari haya kuna namba kama 122/118. Namba 122 maana yake ni kilo 1,500 kwa tairi iliyofungwa peke yake, na 118 ni kilo 1,320 kwa kila tairi iliyofungwa pacha, iwapo upepo umejazwa kwa kiwango chake. Ekseli ya nyuma yenye tairi nne za namna hiyo haiwezi kuzidi kilo 5,280, na ndani ya kiasi hicho umo uzito wa ekseli yenyewe na sehemu ya bodi inayoilalia. Ikiwa nyuma ya gari tupu kuna kilo 1,500, zimebaki kilo 3,780. Majani hata yafikie kumi, hesabu ya tairi haibadiliki.

Ubaya mwingine wa majani ya ziada ni kwamba yanaficha dalili. Gari lililozidishiwa mzigo hulala nyuma, na kulala huko ndiko kunakomwonya dereva. Majani yakiongezwa, gari husimama wima huku limezidiwa vilevile. Madhara huonekana baadaye: nyufa kwenye fremu karibu na mabano ya springi, beringi zinazopata moto, au ngoma za breki zinazochemka gari linaposhuka kutoka uwanda wa Makonde, kwa mfano kwenye mteremko wa Newala kuelekea Masasi. Joto hilo hutokana na nguvu inayopaswa kumezwa na breki, nayo huongezeka kwa kadiri ya uzito. Breki zilizopashwa moto kupita kiasi hupoteza uwezo wa kushika, hata kama zilikuwa nzima asubuhi ya siku hiyo.

Dhana: Uzito halali ni namba ya karatasini tu

Wanaosema hivi huwa na mfano mkononi. Magari ya kulala ya watalii, yenye vitanda na jiko ndani, ambayo hupita huku kusini yakielekea Msumbiji kupitia Daraja la Umoja pale Mtambaswala, mengine hupandishwa uzito halali kwao Ulaya bila kubadilishwa hata nati moja. Jambo hilo ni kweli, ila lina sababu yake. Katika nchi za Ulaya leseni ya kawaida ya gari dogo, daraja B, huishia kwenye gari la kilo 3,500, kwa hiyo watengenezaji wengi huandika kilo 3,500 kwenye kibao cha gari ili wateja waweze kuliendesha kwa leseni hiyo, ingawa ekseli, tairi na breki zinaweza kuhimili zaidi. Mwenye gari akitaka kupandisha namba hiyo, uwezo wa kila sehemu huhakikiwa kwanza kwa vipimo vya mtengenezaji, kisha kibao kipya hutolewa na usajili hubadilishwa. Tairi au ekseli isipofikia kiwango, lazima ifungwe nyingine. Kwa hiyo hata huko karatasi hufuata chuma. Kenta inayoongezwa majani chini ya mwembe haina uhakiki wowote nyuma yake, na kadi yake ya gari inabaki na uzito uleule wa jumla uliosajiliwa.

Dhana: Kenta ya tani tatu hubeba tani tatu

Jina la mtaani si kipimo. Nyuma ya magari mengi yaliyotoka Japani bado kuna maandishi ya Kijapani yanayofuatwa na tarakimu, kama 2000 au 3000, kisha kg. Hicho ni kiwango cha juu cha mzigo ambacho sheria ya Japani hutaka kiandikwe, na kilihesabiwa gari likiwa na bodi lililokuja nayo, huku kila mtu wa kabini akikadiriwa kuwa na kilo 55. Gari likifika kwetu hung'olewa bodi ile na kutengenezewa nyingine ya mbao ngumu na vyuma, yenye kuta ndefu, keria juu ya kabini na tairi ya akiba ya pili. Kilo zote hizo hutolewa kwenye mzigo. Hutolewa pia uzito wa dereva na utingo wake, turubai, kamba, jeki, na dizeli ambayo kwa lita 100 hukaribia kilo 84.

Uzito mtupu ulioandikwa kwenye kadi hauwezi kuaminika baada ya mabadiliko hayo. Njia ya uhakika ni kulipima gari likiwa tupu lakini tayari kwa safari, tangi limejaa na watu wamo ndani, kisha kutoa uzito huo kwenye uzito wa jumla uliosajiliwa. Kinachobaki ndicho mzigo halali, nacho mara nyingi humshangaza mwenye gari.

Dhana: Jumla ikiwa sawa, mahali pa kupanga mzigo si neno

Magunia yanayopakiwa nyuma ya ekseli ya mwisho hufanya kazi ya wenzo. Chukua gari ambalo ekseli zake zimeachana kwa mita 4. Magunia matano ya kilo 80, yaani kilo 400, yakikaa mita 1 nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo huongezewa kilo 500 na ya mbele hupunguziwa kilo 100. Jumla ya gari haikuzidi hata kilo moja juu ya zile 400, lakini tairi za nyuma zinaweza kuwa zimepita kiwango, na usukani umekuwa mwepesi pale ambapo dereva anauhitaji zaidi. Magunia mazito yaanzie karibu na kabini na kutandazwa chini kabla ya kupandishwa juu.

Dhana: Mizani imenipitisha, kwa hiyo sijazidisha

Hii ndiyo dhana inayowapotosha hata wazoefu. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, inayotumika nchini tangu Machi 2019, huyataka magari ya kuanzia tani 3.5 yapimwe kwenye mizani zinazosimamiwa na TANROADS, wakala wa barabara wa serikali. Ekseli ya mbele ya usukani imewekewa tani 8, ekseli moja ya tairi pacha tani 10, ekseli mbili za pamoja tani 18 na tatu za pamoja tani 24, na gari kubwa kabisa lisizidi tani 56 kwa jumla. Viwango hivyo vinalinda barabara na madaraja. Havisemi kwamba ekseli ya Kenta, iliyoundwa kwa karibu nusu ya tani 10, inaweza kubeba tani 10. Gari dogo linaweza kuwa chini kabisa ya kikomo cha barabara na wakati huohuo limepita mbali kikomo chake lenyewe, na kikomo kilicho kidogo ndicho cha kufuatwa.

Kwa malori makubwa, yanayoteremsha makaa ya mawe kutoka Ruvuma hadi bandari ya Mtwara au kubeba jasi ya Kilwa, hali ni kinyume: kikomo cha barabara ndicho hufikiwa kwanza. Huko wapo wanaoihesabu nafuu ya asilimia 5 ya uzito wa ekseli, inayovumiliwa kwenye mizani, kuwa ni haki ya kupakia zaidi, ilhali iliwekwa kwa ajili ya mzigo kuhama njiani na tofauti ndogo za upimaji. Anayeimaliza wakati wa kupakia hana pa kukimbilia mzigo ukisogea.

Madhara kwa lami hayapandi sambamba na uzito. Majaribio ya barabara yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960, yalionyesha kwamba uharibifu hukua takribani kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya tani 12 huiumiza lami karibu mara mbili ya ile ya tani 10. Barabara ya Kibiti hadi Mingoyo ndiyo njia yetu kuu ya kwenda Dar es Salaam, na mvua za Mei 2024 zilipoikata eneo la Somanga, mikoa hii ilionja kuishi bila njia hiyo.

Kabla ya msimu, mwenye gari na alipime gari lake mara mbili, tupu na limepakiwa, akidai usomaji wa kila ekseli peke yake badala ya jumla tu, kisha aulinganishe na kibao cha mtengenezaji na namba za ubavuni mwa tairi. Akikuta ekseli ya nyuma imezidi huku ya mbele ina nafasi, asogeze mzigo mbele na kupima tena. Akikuta jumla imezidi, gari kubwa zaidi au safari ya pili ndiyo jibu, na fundi anayekataa kumwongezea majani anamtendea haki.