Ajaili si kufanya kazi bila mpango

Vijana wengi hapa Lamu wananiuliza kuhusu vyeti vya usimamizi wa miradi kwa njia ya Ajaili (Agile), yaani kufanya kazi kwa vipande vidogo na kurekebisha kila hatua. Ninafurahi, ila wengi wanaanza na mambo waliyoyasikia vibaya.

Dhana: Ajaili ni kazi isiyo na mpango.

Hii ndiyo inayoniudhi zaidi, maana inaitia dosari njia nzuri. Ilani ya Ajaili iliandikwa Februari 2001 na watu 17 waliokutana Snowbird, jimbo la Utah, Marekani. Inatanguliza kuitikia mabadiliko mbele ya kufuata mpango, na papo hapo inakiri kwamba mpango nao una thamani yake. Nyaraka nazo inazikiri kuwa na thamani vilevile.

Katika Skramu (Scrum), mfumo mmojawapo wa kufanya kazi kwa Ajaili, kupanga hakukomi. Kila sprinti, yaani kipindi cha kazi kisichozidi mwezi mmoja, huanza na kikao cha kupanga. Kila siku watengenezaji hukutana kwa dakika 15 waone kama lengo bado linafikika. Mwishoni kazi huonyeshwa wadau, kisha timu hujitathmini.

Chukua kikundi kinachotengeneza tovuti ya kukodi mashua. Badala ya kujifungia miezi sita, katika wiki mbili za kwanza wanatoa ukurasa mmoja unaofanya kazi: mashua, idadi ya abiria, saa ya kuondoka kwenda kisiwa cha Pate. Wanaupeleka gatini. Nahodha anautazama kwenye simu, anasema: "Wanangu, saa mmeweka, maji hamkuweka. Njia ya Mkanda haipitiki maji yakikupwa." Basi jedwali la maji kujaa na kupwa linaingia kwenye orodha ya kazi, na mwenye bidhaa, yaani msimamizi wa orodha hiyo, ndiye anayeamua likae nafasi ya ngapi. Kosa hilo lingegunduliwa siku ya uzinduzi, lingekula pesa nyingi.

Dhana: Ajaili na Skramu ni kitu kimoja.

Ajaili ni maadili 4 na kanuni 12. Skramu ni mfumo mmojawapo, tena umeitangulia Ilani: Ken Schwaber na Jeff Sutherland waliuwasilisha hadharani mwaka 1995. Kanbani, mfumo mwingine wenye asili yake katika viwanda vya Toyota, haina sprinti. Unagawa ubao safu, tuseme "Bado", "Inafanywa" na "Tayari", kisha unaweka kikomo cha kazi zinazoruhusiwa kukaa safu ya kati. Ofisi inayopokea maombi mapya kila saa, mimi naishauri ianze na Kanbani.

Dhana: Skramu Masta ni bosi wa timu.

Hapana. Hagawi kazi. Anasaidia timu kuielewa Skramu na kuondoa vikwazo. Watengenezaji wenyewe ndio wanaoamua nani afanye nini.

Dhana: Bila kozi ya bei kubwa hupati cheti.

Inategemea cheti. CSM, cheti cha Skramu Masta cha Scrum Alliance, inadai kozi kwanza, na PMI-ACP, cheti cha Ajaili cha taasisi ya PMI, inadai uzoefu wa kazi. PSM I, cheti cha Skramu Masta cha Scrum.org, haidai kozi yoyote: ni maswali 80 kwa dakika 60, na kufaulu ni asilimia 85. Msingi wake ni Mwongozo wa Skramu, toleo la Novemba 2020, unaopatikana bure na usiofika kurasa 15. Wala si lazima uwe mwandika programu.

Ufupi huo usikudanganye. Wengi huangushwa na mazoea ya ofisini wanayodhani ni sheria. Kukadiria ukubwa wa kazi kwa pointi hakumo kwenye Mwongozo. Yale maswali matatu ya kikao cha kila siku, jana ulifanya nini, leo utafanya nini, nini kinakukwamisha, yaliondolewa katika toleo la 2020. Someni Mwongozo wawili wawili, mkibishana kwa Kiswahili kila kipengele mpaka kieleweke. Kisha fanyeni jaribio la bure la Scrum.org liitwalo Scrum Open, lenye maswali 30, na msilipie mtihani kabla hamjalipata lote mara kadhaa mfululizo.