Mashine mpya ya kuchimba Bitcoin bado haijatoka kiwandani, na wewe ushalipa?

Tangu sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali ianze kutumika hapa Kenya Novemba 2025, maswali yanayokuja kwenye dawati letu la elimu kwa wateja yamebadilika. Zamani watu walikuwa wanauliza kama Bitcoin ni halali, siku hizi wanauliza mashine za kuchimba, yaani kompyuta zinazoshindana kufanya hesabu za mtandao wa Bitcoin ili zilipwe Bitcoin mpya. Kuna mashine mpya inakuja, ati inachimba maradufu ya ile ya mwaka jana, oda za mapema zimefunguliwa, atakayelipa mwanzo ndiye atakayeletewa mwanzo, na mtu anataka tumwambie kitu kimoja tu: huyu muuzaji amesajiliwa na Benki Kuu?

Tulimalize hilo kwanza manake tunalijibu kila siku. Leseni za sheria hiyo ni za watoa huduma, yaani wanaobadilishia watu sarafu, wanaotunzia watu pochi na wa aina hiyo, na zinatoka Benki Kuu ama Mamlaka ya Masoko ya Mitaji kulingana na kazi yenyewe. Mwezi huohuo wa Novemba 2025 hizo taasisi mbili zilitangaza kwamba bado hazijampa yeyote leseni. Anayeuza mashine anauza bidhaa, kwa hiyo akikutumia wasapu cheti kinachosema Benki Kuu imemruhusu kuuza mitambo ya kuchimba, hicho cheti amejichapishia. Na hata angekuwa na makaratasi yote ya kampuni, bado swali lako sio hilo. Swali ni: mashine iko?

Nasema hivi kwa sababu hii biashara ina kesi yake maarufu na watu wanaisahau kila mashine mpya inapotangazwa. Kampuni ya Butterfly Labs ya Kansas, Marekani, ilianza kuchukua oda za mashine za ASIC Juni 2012. Hapo ndipo uchimbaji ulikuwa unahama kutoka kadi za grafiki kwenda kwa chipu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo moja tu. Ndogo ilikuwa dola 149, kubwa dola 29,899, na zote unalipia kabla. Ahadi ilikuwa Oktoba 2012. Oktoba ikafika ikapita, mwaka ukaisha, mashine chache za kwanza zikaanza kutoka karibu Aprili 2013, na kwa hesabu ya Tume ya Biashara ya Marekani, ile FTC, kufikia Septemba 2013 wateja zaidi ya 20,000 walikuwa hawajapata walicholipia. Na katikati ya hayo, Agosti 2013, kampuni ikatangaza mashine nyingine mpya, Monarch, ya dola 4,680, na watu wakalipa tena! Mwaka mmoja baadaye walikuwa bado wanaisubiri.

Watu wakisikia hii wanasema aah, hao walikuwa matapeli, mimi muuzaji wangu ana ofisi. Ndugu zangu, hao nao walikuwa na ofisi, wafanyakazi, na kabla ya hapo walishauza mashine za kizazi kilichopita zilizofanya kazi vizuri tu. Shida moja kubwa ilikuwa ya kiufundi: chipu ilipotoka kiwandani ikawa inakula umeme na kutoa joto kupita walivyoahidi, ikabidi warudi mezani wachore upya. Sasa kama pesa yako ndiyo inayolipia huo mchoro, wewe hujanunua mashine, umemkopesha mtu mtaji bila riba na bila dhamana. Hata wakubwa wanarudi nyuma. Intel ilizindua chipu yake ya kuchimba, Blockscale, Aprili 2022, na Aprili 2023 ikasema inaacha.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalipi uzito. Friji ikichelewa miezi sita inakuja ikiwa friji ileile. Mashine ya kuchimba haiko hivyo. Bloku ni fungu la miamala linaloongezwa kwenye daftari la Bitcoin, na anayelifunga ndiye anayelipwa. Kila bloku 2,016, ambazo ni kama wiki mbili, mfumo wa Bitcoin unajipima wenyewe, mashine zikiwa zimeongezeka unapandisha ugumu wa hesabu ili bloku ziendelee kutoka moja kwa dakika 10 hivi. Mwanzo wa 2013 ugumu ulikuwa kama milioni 3. Kabla mwaka haujaisha ulikuwa umepita bilioni 1. Fanya hesabu na mashine ya gigahashi 60, yaani majaribio bilioni 60 ya hesabu kwa sekunde, ambayo Butterfly Labs walikuwa wanaiuza dola 1,299: Januari 2013 ingekupatia kama Bitcoin 10 kwa siku, Desemba mwaka huohuo mashine hiyohiyo, mpya kwenye boksi, inakupa kama 0.025. Najua kuna atakayesema bei nayo ilipanda. Ilipanda sana, lakini haikupanda mara 300 na kitu. Na kama ulitaka kufaidi kupanda kwa bei ungenunua Bitcoin zenyewe ukakaa nazo, usingehitaji mashine.

Kwa hiyo unaponunua mashine unanunua muda. Tarehe ya kufikishiwa ndiyo bidhaa, na muuzaji anayekuandikia "robo ya pili ya mwaka, inaweza kubadilika" hajakuuzia chochote.

FTC ilipeleka Butterfly Labs mahakamani Septemba 2014, na maelewano yakafikiwa Februari 2016. Hapa nitaenda polepole kidogo kwa sababu wateja wengi wanaamini kushinda kesi ni kurudishiwa pesa. Hukumu dhidi ya kampuni na mmoja wa waendeshaji ilikuwa dola 38,615,161. Kubwa, sivyo? Ila ilisimamishwa kwa sababu hawakuwa na uwezo wa kulipa, wakatakiwa kutoa dola 15,000 kampuni na dola 4,000 yule mwendeshaji. Mwendeshaji mwingine akahukumiwa dola 135,878, nayo ikasimamishwa kwa sharti arudishe thamani ya Bitcoin alizochimba kwa mashine za kampuni. Hukumu ikisimamishwa haijafutwa: ikigundulika mtu alidanganya kuhusu mali zake, deni lote linamrudia. Wakapigwa marufuku pia kuchukua malipo ya awali ya mashine za Bitcoin isipokuwa ziko tayari na zitamfikia mteja ndani ya siku 30. Sasa wewe gawanya hizo dola zilizolipwa kweli kwa wateja 20,000 uone fungu lako.

Na Marekani wana kanuni ya bidhaa zinazoagizwa kwa mbali tangu 1975. Muuzaji asipotaja tarehe anatakiwa asafirishe ndani ya siku 30. Akichelewa lazima akuarifu akupe nafasi ya kughairi. Ukighairi akurudishie ndani ya siku 7 za kazi. Faini ya kila kosa siku hizi imepita dola 50,000. Kanuni ilikuwepo, faini ilikuwepo, na watu bado walisubiri.

Wengine hawakufika hata huko. HashFast, kampuni nyingine ya mashine za kuchimba, iliingia kwenye mchakato wa kufilisika 2014, baada ya mzozo ambao nawaomba muusome vizuri: wateja waliolipa kwa Bitcoin walitaka kurudishiwa Bitcoin, kampuni ikataka kurudisha dola za thamani ya siku ya malipo, na katikati bei ilikuwa imeruka. CoinTerra ikafuata Januari 2015, KnCMiner ya Sweden Mei 2016. Kampuni ikifilisika, wewe uliyelipa kabla unapanga foleni ya wadai nyuma ya benki.

Sawa, tuseme mashine imefika kweli. Chukua Antminer S21, iliyotangazwa 2023: terahashi 200 (terahashi moja ni gigahashi elfu moja), wati 3,500. Kwanza soketi ya kawaida ya nyumbani, ile ya ampia 13, haiibebi, na usijaribu na ekstensheni. Kwa siku inakula yuniti 84. Tuchukulie unalipa shilingi 25 kwa yuniti, hiyo ni 2,100 kila siku. Upande wa mapato, tangu Aprili 2024 kila bloku inalipa Bitcoin 3.125, kwa siku ni kama 450 dunia nzima, na nguvu ya mtandao 2025 ilifika zetahashi 1, yaani terahashi bilioni moja. Fungu la mashine yako ni Bitcoin 0.00009. Hata tukisema Bitcoin moja ni dola 100,000 hiyo ni dola 9, haifiki shilingi 1,200. Kila siku unatoa mfukoni zaidi ya 900 ili uitwe mchimbaji. Wanaoweza hapa kwetu, kama kampuni ya Gridless kule Murang'a, wanatumia umeme wa maji wa mitambo midogo ambao ungepotea kwa kukosa mnunuzi. Hifadhi ya Virunga kule Congo nao wanachimba kwa umeme wao wenyewe wa maji. Wewe wa tokeni hauko kwenye mchezo huo. Na wale wanaotuuliza kwa kunong'ona habari za kupitisha waya pembeni ya mita, hilo ni la polisi, hatulijibu.

Kama bado unataka kuagiza, basi angalau njia ya malipo iwe ya kurudi. Ukilipa kwa kadi ya Visa na mzigo usifike, unapinga malipo kupitia benki yako ndani ya siku 120 kuanzia siku mzigo ulipotakiwa kufika, na isizidi siku 540 tangu ulipolipa. Hiyo 540 ndiyo inayowaumiza watu wa oda za mapema, kwa sababu muuzaji anaahirisha, anaahirisha, anakuomba uvumilivu, siku zinaisha. Usisubiri msamaha wa tatu. M-Pesa: ile ya kutuma meseji kwenda 456 ni ya aliyekosea namba, haimsaidii aliyetuma kwa hiari yake kisha akajuta, tumesema hili mara nyingi. Ukilipa kwa Bitcoin ama USDT, ile sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola, hakuna wa kumpigia.

Kwenye hesabu yako weka pia gharama za kuingiza mzigo, ambazo matangazo hayazitaji: ada ya tamko la uagizaji asilimia 2.5, tozo ya reli asilimia 2, VAT asilimia 16, na ushuru wa forodha kulingana na namna mzigo ulivyoainishwa. Muuzaji akikuambia ataandika bei ndogo kwenye ankara ili ulipe kidogo, anayeshikwa bandarini ni mwagizaji, na mwagizaji ni wewe.

Mwenye malalamiko aje na ankara yenye tarehe ya kufikishiwa, uthibitisho wa malipo, na mawasiliano yote kwa mpangilio wa tarehe, si skrinshoti tatu zilizokatwa. Kama kuna dalili ya ulaghai uwe umeripoti kituo cha polisi na una namba ya OB, kwa kuwa kesi ya jinai si yetu, ni ya DCI. Kama ni kadi, nenda benki kwanza kabla ya kuja kwetu, fomu ya kupinga malipo inajazwa na mwenye akaunti peke yake na hizo siku zinahesabika hata faili lako likiwa mezani kwetu.