Kundi la Waimbaji si Bendi

Mtangazaji wa redio akipiga nyimbo tulivu za miaka ya 1960, ni nadra kumsikia akiwaita The Lettermen wa Marekani kwa jina jingine isipokuwa bendi. Kundi la waimbaji ni watu wachache, aghalabu watatu hadi watano, wanaoimba kwa sauti tofauti zilizopangwa zioane, huku vyombo vikipigwa na watu wengine. Maana yake ndiyo hiyo tu.

Bendi huanzia kwenye vyombo, na mwimbaji ni mmoja wa wanabendi. Ukiondoa magita na ngoma katika Mlimani Park, hakuna bendi iliyobaki. Kwaya nayo ina watu wengi katika kila sauti, hivyo koo la mmoja likikwaruza wenzake humfunika. Katika kundi la waimbaji kila sauti ina mwenyewe mmoja, na akiteleza anasikika. Nadhani jina la "bendi za wavulana" la miaka ya 1990, walilopewa vijana ambao wengi wao hawakushika chombo jukwaani, ndilo lililozidisha mkanganyiko.

Waimbaji watatu wa The Lettermen, Tony Butala, Jim Pike na Bob Engemann, walijiunga na kampuni ya kurekodi muziki ya Capitol mwaka 1961, mwaka uleule ambao jarida la Billboard lilianzisha chati ya Easy Listening kwa ajili ya vituo vya redio vilivyotaka nyimbo maarufu bila makelele ya rock and roll. Walichukua nyimbo ambazo watu walikwisha kuzijua, kama ule ulioimbwa na Fred Astaire katika filamu ya mwaka 1936, wakazipanga upya kwa sauti tatu juu ya okestra. "When I Fall in Love" ulifika kileleni mwa chati hiyo mwanzoni mwa 1962.

Engemann alipoondoka mwishoni mwa muongo huo, nafasi yake ilichukuliwa na Gary, mdogo wake Jim, na kundi likaendelea, kwa kuwa kilichorithiwa kilikuwa nafasi katika mpangilio wa sauti. Butala mwenyewe alilijali suala hili kiasi cha kuanzisha, mwaka 1998, jumba la kuwaenzi makundi ya waimbaji mjini Sharon, Pennsylvania, alikozaliwa. Mtangazaji anayeona "kundi la waimbaji" ni jina refu mno hewani anaweza kusema "waimbaji hawa watatu", nasi tutamwelewa vizuri.