Kuviringisha mbao kwa CNC si kukereza

Kila anayeuza mhimili wa nne (kifaa cha kuzungushia mbao) siku hizi anamwambia seremala kwamba akiufunga, CNC yake, yaani mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, itakuwa kerezo. Seremala naye anarudi karakana akisema anakereza miguu ya meza kwa kompyuta. Hakerezi, na jina hilo linamharibia mbao.

Maana yenyewe ni fupi. Kuviringisha ni kuondoa pembe nne za kipande cha mraba mpaka kibaki mcheduara. Kwenye CNC, kipande hushikwa na taya upande mmoja na ncha ya kuegemea upande wa pili, kikageuzwa taratibu huku biti ya rauta (kisu kinachozunguka kwa kasi) ikikichonga kwa juu. X, Y na Z ni mihimili ya mwendo wa moja kwa moja. Huu wa nne, wa kuzunguka, ulio sambamba na X, huitwa A.

Tofauti na kukereza iko kwenye swali moja: ni nini kinachozunguka kwa kasi? Kwenye kerezo ni mbao, mizunguko mamia hadi maelfu kwa dakika, na patasi imetulia juu ya egemeo lake. Kwa kuwa patasi haisogei, kila sehemu ya mbao inayoipita hukatwa kwa umbali uleule kutoka katikati. Duara linajileta lenyewe.

Kwenye mhimili wa nne, kinachokimbia ni biti, mara nyingi mizunguko 18,000 kwa dakika. Mbao hugeuka polepole, au husimama kabisa biti ikipita. Hapo duara halijileti. Linajengwa kwa hesabu. Ukipitisha biti bapa kwa urefu wa mbao, kisha ukaigeuza nyuzi 10, ukapitisha tena hadi kumaliza mzunguko, ulichopata ni umbo la pande 36. Kwa kipenyo cha milimita 100, kingo kati ya pande hizo zitasimama karibu milimita 0.19 juu ya duara ulilotaka, na kidole kitazihisi. Geuza nyuzi 5 kila mara, zitashuka hadi kama 0.05. Njia nyingine ni kuiacha mbao ikizunguka bila kusimama huku biti ikisogea kidogokidogo kuelekea mwisho. Hiyo huacha alama za msokoto badala ya pande. Ni kwa sababu hii mteja analalamika kwamba mguu "uliokerezwa" una mistari. Haukukerezwa.

Mkanganyiko wenyewe ni wa zamani. Mwaka 1819 Mmarekani Thomas Blanchard wa Massachusetts alibuni mashine ya kuchonga vitako vya bunduki. Kielelezo na gogo viligeuka pamoja polepole. Gurudumu moja lilifuata kielelezo, jingine lenye meno likakata gogo. Kwa kuwa gogo lilikuwa linazunguka, watu waliiita kerezo, ingawa kitako cha bunduki si duara hata kidogo. Mhimili wa nne ni mjukuu wa mashine hiyo, na kielelezo chake ni faili ya kompyuta. Ndiyo maana unaweza kuchonga msokoto, majani, hata mguu bapa upande mmoja, kazi ambazo kerezo la kawaida haliwezi.

Jina likikosewa, vipimo navyo hukosewa. Aliyezoea kuchonga mbao bapa huweka sifuri ya Z, yaani pale kimo cha biti kinapoanza kuhesabiwa, juu ya uso wa mbao. Chukua kipande cha milimita 100 kwa 100: kutoka katikati hadi usoni ni 50, lakini hadi kwenye pembe ni 70.7. Mbao ikigeuka nyuzi 45, pembe inapanda milimita 20.7 juu ya ile sifuri, na biti iliyokuwa inapita hewani inagonga mti mkavu. Sifuri ya Z iwekwe katikati ya mhimili wenyewe, na kimo cha usalama, kile ambacho biti hupita bila kugusa mbao, kizidi nusu ya ulalo.

Na pembe zile zipunguze mapema. Zikate kwa msumeno wa meza uliolazwa nyuzi 45 mpaka upate pande nane sawa. Nusu ya ulalo itashuka hadi milimita 54.1, na karibu asilimia 80 ya takataka itakuwa imeondoka kabla ya kuwasha CNC. Bila hivyo, raundi za mwanzo biti inagusa pembe tu, inaruka hewani, inagusa tena, na mshtuko ule ndio unaolegeza taya.

Zipo CNC za kukereza kweli, ambazo mbao ndiyo inayokimbia na kompyuta inasogeza kisu. Hizo ziiteni kerezo bila wasiwasi. Hii nyingine, biti ndiyo inayozunguka kwa kasi: semeni mnaviringisha, au mnachonga kwa mhimili wa nne, na mteja mwambieni mapema kama bei inahusisha kupiga msasa.